Mgawaji Aliyefungua Bucha

Nimemdharau Mgawaji tangu utotoni, na wala simfichi mtu. Wengine husubiri mtu afe ndipo waanze kumsema. Huyu yuko hai, anakula na kushiba, na ninamsema. Alizaliwa wapi na ukoo wake ulitokea wapi, waulizeni wanaopenda habari hizo. Mimi nilimkuta tayari ameshika kisu.

Kwa asiyejua, kijijini kwetu upande wa Tarime, karibu na pale Mto Mara unapotutenga na watu wa Serengeti, ng'ombe wa sherehe au wa msiba hakatwi ovyo. Akishachunwa analazwa juu ya majani, na mtu mmoja tu ndiye anayegawa. Kila kiungo kina mwenyewe. Kidari ni cha wazee wa rika kubwa. Paja moja linakwenda kwa wajomba. Utumbo na kwato ni vya wanawake, ambao ndio walioteka maji, wakachanja kuni na kupika. Shingo ni ya mgawaji mwenyewe. Kwa kipande anachopewa mtu anajua yeye ni nani pale kijijini, na aliyerukwa hurudi kwake akiwa na uchungu kuliko aliyetukanwa. Sasa mpe mtu mmoja madaraka hayo miaka na miaka, halafu uniambie kama kichwa chake kitabaki na ukubwa uleule.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Huyu wetu alisifiwa mpaka akawa anatembea na mikono ya shati imekunjwa hata siku ambazo hakuna ng'ombe. Ukimwamkia shikamoo alikutazama kwanza kuanzia utosini mpaka miguuni, kama anayetafuta pa kuanzia kukata, ndipo akaitika marahaba. Alikuwa na misemo yake pia. "Nyama haina hasira, wenye hasira ni walaji," alikuwa akisema huku ananoa kisu taratibu na watu wamekaa na njaa zao tangu asubuhi. Mtu akikohoa tu kwa kuchoka, aliongeza: "Mwenye haraka akachinje kwake." Watu walicheka. Mimi nilikuwa mtoto na tumbo lilikuwa linaniuma, sikuona cha kuchekesha.

Kuna kisa ambacho kijiji kizima kinakisimulia kwa kumsifu. Mwalimu mgeni, mtu wa Kagera, alialikwa kwenye harusi. Hakujua desturi, na nadhani njaa ilimzidi, akainama akachukua kipande cha ini kilichokuwa pembeni na kukitupia kwenye makaa. Mgawaji akalaza kisu juu ya ngozi, akakaa chini. Wazee wakamwomba, baba wa bwana harusi akamwomba, mwalimu mwenyewe akaomba radhi huku ini linanukia. Kisu hakukigusa. Ng'ombe mzima akalala juani na nzi wake mpaka ini likatolewa kwenye moto, likapanguswa majivu na kurudishwa mahali pake, nusu limeiva. Ndipo bwana mkubwa akainuka. Wanasema huo ni msimamo. Nilikuwepo, na nilichokiona mimi ni mtu mzima aliyenuna.

Lakini sababu yangu hasa ni mama yangu. Ilikuwa siku ya kumuaga dada yangu, yule aliyeolewa Morotonga. Mama alikuwa motoni tangu alfajiri, na mdogo wetu wa mwisho alikuwa ndani, ametoka kuugua surua, anakataa kila chakula na kulilia supu. Mama akasogea, akamwomba Mgawaji kwa sauti ya chini ampe mfupa mmoja mdogo kabla ya mgao. Angeweza kukataa kwa sauti ileile ya chini. Yeye aliinua uso ili wakwe wasikie vizuri, akasema: "Nyama haiombwi. Mwanamke anayechungulia mgao, chungu chake kinaungua." Watu wakacheka, na wakwe wakacheka. Mama akarudi jikoni. Siku hiyo hakula, na toka hapo hakuonja tena nyama iliyopitia mikono ya mtu yule, hadi anaingia kaburini. Mdogo wangu alipona surua. Mimi ndiye sikupona.

Nikisema hana jema hata moja nitakuwa mwongo, na sitaki kuwa mwongo kwa ajili yake. Hakuwahi kumsahau mtu aliye mbali. Aliyekuwa kazini Mwanza, aliyekuwa gerezani, aliyekuwa shuleni, wote aliwataja kwa majina na kuweka vipande vyao kando, na vipande hivyo vilining'inizwa juu ya moshi wa jiko mpaka mwenyewe arudi. Kaka yangu alisoma Musoma. Akirudi likizo alikuta kipande chake kimekauka kama soli ya kiatu, akakila huku machozi yanamtoka, na mpaka leo anampenda Mgawaji kwa ajili ya hilo. Mimi humjibu kwamba ukarimu huo ulikuwa rahisi sana, maana ng'ombe hakuwa wake.

Na meno hakuwa nayo. Yale ya nyuma yalimwisha mapema, na shingo ya ng'ombe mzee si nyama ya mtu wa aina hiyo. Wake zake waliichemsha mpaka kesho yake, na bado alikuwa anatafuna na kutema, anatafuna na kutema. Mara moja jirani mwenye huruma alijitolea wabadilishane, ampe ini achukue shingo. Alikataa kama ameambiwa avue nguo. Shingo ndiyo iliyosema yeye ni mgawaji, basi akaendelea kuinyonya.

Mtu huyu sasa, katika vitu vyote duniani, hakuna alichokichukia kama bucha. Bucha ya kwanza ilipofunguliwa kijijini na mfanyabiashara wa kutoka mjini, Mgawaji alikuwa akipita mbele yake anatema mate. Kanisani, baada ya ibada, alisimama nje akawahutubia waumini ambao hawakumwomba hotuba: "Mtu anayemning'iniza ng'ombe kwenye kulabu na kumuuza kwa mtu asiyemjua jina, huyo siku moja atamuuza na mama yake." Alisema nyama ya kilo haina baraka. Alisema anayeila anakula peke yake hata kama wamekaa mezani kumi. Yalikuwa maneno mazuri. Nilimchukia na bado nilikiri moyoni kwamba yalikuwa maneno mazuri.

Ndipo dhahabu ikaja. Wachimbaji walimiminika kutoka Geita, Shinyanga, hata ng'ambo ya Sirari, na mahali pa kwanza walipotoboa duara, maana ndivyo wanavyoyaita mashimo yao, palikuwa kwenye kilima cha mawe cha Mgawaji, ambacho hata mbuzi walikuwa wanakidharau. Akawa anapata fungu lake kwa kila gunia la mawe linalotoka. Sikatai, bahati ni ya mwenye bahati. Akanunua koti la ngozi, ambalo kwa joto letu ni adhabu. Akanunua pikapu. Kisha akaelekeza macho mtoni.

Pale kwenye kivuko cha zamani palikuwa na gulio wakati wa utoto wetu. Lilikufa, vibanda vikaoza, yakabaki majani na mamba. Dhahabu ilipafufua. Mabati mapya, taa za rangi, vyumba vya wageni, karasha zinasaga mawe kutwa nzima mpaka huwezi kumsikia mwenzako, na eneo lote limepewa jina la Ufukweni. Ufukwe gani? Ni mto wa matope, ambao mama zetu walitukataza hata kuusogelea. Leo kijana anatoa hela yake akae kwenye kiti cha plastiki autazame.

Mgawaji alijenga pale, mahali pazuri kuliko pote. Mbele bucha yenye vigae vyeupe na friji la kioo, nyuma mgahawa wenye meza zinazoelekea majini. Na juu, kwa herufi nyekundu ambazo dereva wa lori anazisoma akiwa bado ng'ambo: MGAWAJI BUCHA NA MGAHAWA. TUNAGAWA KWA HAKI. Alichukua lile jina alilopewa na wazee bure, akalipigilia misumari juu ya mlango wa duka.

Angeishia hapo ningecheka tu. Tatizo ni kwamba kwetu mgawaji hafukuzwi. Ni yeye mwenyewe, kwa mdomo wake, husema mbele ya watu kwamba hagawi tena, ndipo wazee wakae wachague mwingine. Asiposema, hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuinama juu ya ng'ombe wa kijiji. Na huyu hakusema. Angesemaje, na jina ndilo lililokuwa linawaleta wateja? Basi misiba ikawa inamngoja. Anafika jua limepanda, simu sikioni, anakata harakaharaka na kupanda pikapu. Msiba mmoja kidari hakikuonekana kabisa, na sisemi kilikwenda wapi, ila jioni ile Ufukweni walichoma sana. Msiba mwingine hakufika. Vijana wakajichukulia wenyewe, na ndugu wawili wa tumbo moja wakachapana mbele ya maiti. Wazee walipomfuata kumuuliza aliwanunulia soda, akawaambia, "Mimi ni wenu, niko nanyi." Mshika mawili moja humponyoka, lakini mtu huyu alikuwa bado ameshika yote mawili, na sisi ndio tuliokuwa tunaponyokwa.

Baba yangu, mzee kuliko wote waliobaki wa rika lake, alikuwa kimya muda huo wote. Kisha akaanza kwenda Ufukweni. Kila siku ya gulio alivaa koti lake, akachukua fimbo, akapanda bodaboda, akaenda kukaa kwenye benchi lililo mlangoni mwa bucha. Hanunui. Haulizi bei. Anakaa anatazama kulabu mpaka jioni. Wakimuuliza anataka nini anajibu, "Nangoja mgao."

Ikawa kichekesho. Mtu akampiga picha ya video kwa simu, na video ikamfikia kaka yangu Mwanza. Akanipigia nikiwa dukani kwangu Tarime mjini, ninakouza vitenge.

"Dada, mzee akili imeruka," akasema. "Anakwenda bucha anasubiri agawiwe. Watu wanamcheka dunia nzima. Nakuja kumchukua, atakaa kwangu."

Kaka alikuwa na nia njema, hilo nalijua. Lakini baba hajawahi kulala mahali asiposikia ng'ombe wake wanacheua. Kumpeleka kwenye nyumba ya ukuta na geti kule Mwanza, akae sebuleni akitazama televisheni asiyoielewa, ilikuwa ni kumzika kabla ya siku yake. Nikamwomba kaka asubiri kidogo nikamwone kwanza. Akakubali shingo upande, akasema kama nikimkuta bado yuko kwenye lile benchi, basi, hakuna mjadala.

Nikaenda siku ya gulio iliyofuata. Sikuwa nimekanyaga Ufukweni kabla ya hapo, na sikukosa kitu. Baba alikuwa kwenye benchi, wima, fimbo katikati ya magoti. Nilimwamkia, akaniitikia vizuri, akaniuliza habari za watoto kwa majina yao. Nikamwambia, "Tata, twende nyumbani."

"Bado," akasema. "Sijaambiwa."

"Uambiwe nini?"

"Nangoja mgao," akasema, na kurudisha macho kwenye kulabu.

Nikaingia ndani kumtafuta mwenye duka. Msichana mhudumu, kwa kusema kwake mtu wa upande wa Sirari, akanifuata na karatasi yenye bei. "Karibu madam. Tuko na mbavu, tuko na supu, tuko na kichuri pia." Kichuri, ile supu chungu ya tumbo la ng'ombe, ambayo wazee wetu huinywa wakiwa wamechuchumaa kando ya mnyama, hapa inaletwa kwenye bakuli la kioo na kipande cha ndimu. Nikamwambia sili.

Mgawaji alikuwa nyuma ya gogo la kukatia, koti jeupe, kofia nyeupe, mapanga matatu mbele yake. Amenenepa. Meno amenunua, meupe yote, na anayaonyesha.

"Shikamoo baba," nikasema, kwa sababu nilifundishwa adabu na yule mama aliyemwaibisha.

"Marahaba, mwanangu. Umekuja kumchukua mzee?" Akashusha sauti ya huruma, ile inayotumiwa na watu wasio na huruma. "Uzee huo. Mimi namheshimu, ndiyo maana simfukuzi. Lakini wateja wanauliza."

"Si umwambie wewe mwenyewe kwamba hapa hakuna mgao?"

Akapangusa panga ambalo lilikuwa safi. "Mwambie wewe, wewe ni mwanawe."

"Nimemwambia. Anasema hajaambiwa."

"Basi chukua mfuko huu umpelekee. Kidari. Mwambie nimemgawia." Akanisogezea nyama kwenye mfuko, bila kunitazama. Nikamuuliza kwa nini asiinuke akampe kwa mkono wake, hatua chache tu, kama alivyokuwa akifanya zamani. Akasema akimpa mmoja watakuja wote. Mfuko nikauacha palepale.

Sijui ningefanya nini baada ya hapo. Nadhani ningempigia kaka. Lakini mnunuzi mmoja wa dhahabu, jitu la cheni shingoni lililokuwa limeagiza mbuzi mzima kwa ajili ya rafiki zake, likaanza kulalamika kutoka meza ya mbele. "Bosi, huyu mzee ananihesabia matonge. Mwondoe au sisi tuondoke." Rafiki zake walikuwa tayari wameshika kofia zao.

Hapo Mgawaji alitoka. Mtu huyu hagombi na mtu bila watazamaji, na siku ya gulio watazamaji hawakosi. Akasimama mbele ya baba, kifua mbele, akasema kwa sauti ile aliyoitumia kwa mama yangu: "Mzee wangu, hapa hatugawi. Hapa tunauza."

Baba akainua uso. "Sikio hili bovu. Sema tena."

"Nimesema hapa hakuna mgao. Mimi sigawi tena. Mimi nauza nyama."

Karasha ya jirani ilikuwa imesimama kwa ajili ya mafuta, na maneno yakafika mpaka kwa wauza samaki. Wazee wengine wa kijiji walikuwa pale gulioni, wamekuja na mambo yao. Baba akawageukia. "Mmesikia?" Wakaitikia kwamba wamesikia. Mmoja akaondoka palepale, fimbo mkononi, kuelekea kijijini, na haja ya kuuliza anakwenda kupeleka nini haikuwepo.

Mgawaji alielewa baadaye kidogo kuliko sisi wote. Nilimwona uso unambadilika. Akaanza kusema, "Lakini mzee, mimi nilikuwa na maana ya hapa dukani tu..." Hakuna aliyemsikiliza. Mimi nilisimama na machozi yananichuruzika, na yalikuwa ya furaha tupu. Akili ya baba yangu ilikuwa pale pale ilipokuwa siku zote. Kukaa kote kule, kuchekwa kote, video, alikuwa anamngoja mtu mmoja afumbue mdomo wake.

Nikadhani sasa tunaondoka. Baba akainuka, akajinyoosha kiuno, badala ya kuelekea kwenye bodaboda akaingia ndani ya bucha mpaka kwenye gogo.

"Kwa kuwa unauza," akasema, "nipimie nusu kilo. Binti yangu atalipa."

Mgawaji akarudi nyuma ya gogo lake. Akanyoosha mkono kwenye kidari. Kwenye mgao hakuna anayechagua wala anayesema; unapokea ulichopewa na unashukuru, hata wewe ukiwa mkubwa wa rika lako. Baba alikuwa amepokea hivyo maisha yake yote.

"Hapana, si hapo," akasema. "Pale. Juu zaidi. Hayo mafuta sitaki, ondoa. Na huo mfupa utoe, mimi sina mbwa."

Watu walikuwa wamejaa mlangoni. Mgawaji akautoa mfupa.